Kidani cha Milembe na Pembe Zilizokataa Kuanguka

Zamani hizo, kabla mababu wa babu zetu hawajajifunza kubisha, pembe za tandala zilikuwa zinaanguka. Naam, zinaanguka, kama jani la mninga linavyoanguka kiangazi kikikaza. Masika yakiisha, dume alitikisa kichwa huku na huku, akajikuna kwenye shina la mti, mara pembe iko chini. Aligeuka akainusa kama mtu aliyevua kofia yake mwenyewe, kisha akaenda zake mwepesi. Mvua zikirudi, nyingine zinaota. Wala hazikuwa hizi mnazozijua leo, zilizojisokota. Zilinyooka kama mipini ya mikuki, na ndani zilijaa mwanzo hadi mwisho, ukiikata katikati hukuti uwazi wowote. Wapo watu wa ng'ambo ya Mto Lwande wanaoisimulia habari hii kwa namna nyingine. Wasikilizeni, ni watu wazuri, halafu mje huku mpate yenyewe.

Mambo haya yalitokea Ikombwe, chini ya kilima cha mawe yaliyopandana. Watu wa hapo na tandala walikuwa wamezoeana. Wanawake walichemsha chumvi ya mbugani, ile ya rangi ya majivu, na mabaki yake wakayamwaga juu ya mawe nje ya ua. Tandala walishuka kulamba mchana kweupe, na hakuna aliyewatupia mshale. Kwa nini umpige anayekuletea mwenyewe? Wao walilamba, watu waliokota, na sheria ilikuwa hiyo tu: pembe iliyo chini ni ya jicho lililotangulia, na pembe iliyo kichwani ni ya mwenye kichwa.

Kwa pembe hizo watu wa Ikombwe walitengeneza vidani. Na kidani hakikuwa pambo la kujivalia tu siku ya ngoma. Msichana hakutoka nyumbani kwa baba yake kwenda kwa mume mpaka avishwe kidani cha pembe, na pembe yenyewe iwe imeanguka mwaka uleule. Baba alikichonga kwa mkono wake. Asiyejua kuchonga alijifunza kwa kujikata vidole. Wazee walisema kitu kilichoachwa kwa hiari ndicho kinachofaa kumsindikiza mtu anayeachwa aende, nao wasichana walisema wazee wanachelewesha mambo. Mwanamke alivaa kidani hicho maisha yake yote, na akifa mumewe alikirudisha porini, akakiweka chini ya mti kama kilivyookotwa.

Kazi yenyewe haikutaka haraka. Pembe iliwekwa kwenye majivu yaliyoloweshwa mpaka ugumu wake upungue. Ikakatwa kipande cha urefu wa kidole, ikachongwa kwa kisu kifupi, ikatobolewa kwa chuma kilichochomwa motoni, na hapo nyumba nzima ilinuka kama nywele zilizoungua. Kisha ikasuguliwa kwa majani ya msasa, yale makavu yenye kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Mwisho ilipakwa samli na kuzungushwa kiganjani mpaka ing'ae kama ukucha wa mtoto. Michoro ilijazwa masizi ili ionekane. Kidani kilitundikwa kwa uzi wa ukano wa mnyama, basi. Hakukuwa na waya. Mwenye kukizungushia kidani waya siku hizo angeulizwa kama anaogopa kitatoroka.

Fundi wao alikuwa Kasunzu, na kama mngemwuliza yeye, alikuwa fundi wa dunia nzima na sehemu zilizobaki. Alidai kuwa kidani chake kimoja kilimnyima usingizi mke wa mtemi, akawa anawasha moto ili akitazame. Alisema nzi akitua juu ya kidani chake huteleza akavunjika mguu. Mtani wake, Mbeleje, ambaye naye alichonga lakini vidani vyake vilifanana na mizizi ya muhogo, alizunguka kijiji kizima akiuliza kama kuna aliyemwona nzi anayechechemea. Ndivyo walivyoishi. Koo zao zilikuwa na utani tangu enzi, na mtani hakasirikiwi hata akikalia chakula chako.

Lakini mtu anayejisifu sana mchana, mtazame akirudi nyumbani. Mke wa Kasunzu, Nyanzobe, alifariki binti yao Milembe akiwa bado anatambaa. Desturi ilimtaka Kasunzu akirudishe kidani cha marehemu porini. Yeye alikitundika kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, akasema atakipeleka mvua zikiisha. Mvua ziliisha. Zikaja nyingine, zikaisha nazo. Moshi wa jikoni ukakipaka kidani kile weusi, mpaka mgeni akadhani ni kigingi cha kuning'inizia kibuyu. Watu waliona, wakanyamaza, kwa kuwa kumwambia mfiwa "sasa inatosha" ni kazi isiyo na mwenyewe.

Milembe alikua miguuni pa baba yake, palipoangukia vumbi la pembe. Kasunzu alimpikia uji akauunguza, alimsuka nywele akazipinda, na watu wakacheka hadi Milembe alipojifunza kujisuka mwenyewe. Kabla hajajua kutamka vizuri alijua jani la msasa lililokauka sawasawa na lisilokauka. Baba akichonga, binti alisugua. Kisu kilisema kwa-kwa, jani likasema shaa, na asubuhi za Ikombwe watu waliamshwa na sauti hizo mbili zaidi ya jogoo. Hata leo vikongwe wetu wakisikia mtu anapembua mtama kwenye ungo hutua kidogo, wakasema sauti hiyo inawakumbusha kitu ambacho hata wao hawakukisikia.

Palikuwa na dume mmoja wa tandala, mkubwa kuliko wote, watu wakimwita Mwenye Kilima. Huyo alikuwa wa nyumba ya Kasunzu. Alikuwa akija nyuma ya zizi la mbuzi kulamba chumvi, na kila mwaka aliziacha pembe zake palepale, kana kwamba anarudisha chombo alichoazima. Milembe alipokuwa mdogo alimshika mkia. Kasunzu naye alikuwa akimkuna nyuma ya masikio na kumsimulia sifa zake mwenyewe, na dume alisikiliza mpaka mwisho. Binadamu wa kumsikiliza Kasunzu mpaka mwisho alikuwa bado hajazaliwa.

Basi akaja Luhende, kijana wa ng'ambo ya mto, mpole, mrefu, mwenye kupenda kutazama chini. Akatuma shangazi yake, mahari ikatolewa, watu wakala. Kasunzu alikubali kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. Akasimama mbele ya wakwe, akaapa kwamba Milembe hatatoka na pembe ya dume wa kuokotwaokotwa njiani. Atavaa pembe ya Mwenye Kilima, na kidani chake kitakuwa kizuri hata mwezi ukionee wivu. Watu wakapiga vigelegele. Masika yalikuwa yanakwisha. Pembe ianguke, kidani kichongwe, bibi harusi aende. Hakuna lililokuwa rahisi kuliko hilo.

Siku chache baadaye Kasunzu alimwona Mwenye Kilima akijikuna kwenye nguzo ya zizi. Alijikuna taratibu, upande huu, kisha ule, na Kasunzu aliyekuwa ameona jambo hilo miaka yote akajua kwamba pembe zimelegea. Nyuma yake, ndani, Milembe alikuwa akiimba huku akitwanga. Kasunzu aliitazama ile pembe, akauona uji wa kesho ambao hautapikwa na mtu, na jiwe la kusugulia, alilokalia Milembe kila siku, likiota ukungu.

Ndani ya nyumba palikuwa na waya wa shaba. Alikuwa amebadilishana na wapita njia shaba kwa vidani, akaivuta kwenye tundu la chuma mpaka ikawa nyembamba kama bua la nyasi, ili amtengenezee Milembe bangili za harusi. Aliuchukua wote. Aliupitisha kwenye makaa ili ulegee, akatia chumvi kwenye kiganja cha kushoto, akatoka nyuma ya zizi. Dume alikuja kulamba. Kasunzu akaanza kuzungusha waya kwenye shina la pembe, palipokutana na fuvu, akaupandisha huku akiubana, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ncha. Akahamia ya pili. Alijiambia moyoni kwamba anafanya hivyo ili pembe zisije zikadondoka vichakani, Mbeleje akaziokota. Alijiambia hivyo mara nyingi, kama mtu anayehesabu mbuzi wake akitumaini kwamba hesabu itabadilika.

Milembe alitoka na kibuyu cha maji, akasimama. Akauliza waya ule si ndio wa bangili zake. Kasunzu akamjibu kwamba bangili huvaliwa na kila mtu, lakini pembe iliyopambwa kabla ya kuanguka hakuna bibi harusi aliyewahi kuwa nayo, toka dunia iumbwe. Milembe akatabasamu, maana alimwamini baba yake. Mwenye Kilima naye alitikisa kichwa, jua likapiga kwenye shaba, akapanda kilima akitembea kwa maringo.

Kama jambo lingeishia hapo, leo kungekuwa na dume mmoja tu wa tandala mwenye pembe za ajabu, na sisi tungemwonyesha wageni. Lakini Kasunzu alikuwa na ugonjwa wa mdomo. Watu walipouliza, hakuweza kusema "naogopa". Alisema ni ufundi mpya. Alisema pembe ikifungwa waya ingali kichwani, shaba huingiza utamu wake ndani, na kidani kitakachotoka humo kitang'aa chenyewe gizani. Alieleza vizuri mno. Hata mimi ningeambiwa ningefunga. Kesho yake kila mchongaji wa Ikombwe alikuwa nje na chumvi kiganjani na waya begani. Wasiokuwa na shaba walivunja mitego, wakafungua mikufu ya wake zao. Mbeleje alimfunga dume wake kwa mafundo yaliyofanana na kiota cha kunguru, akadai ndio mtindo wenyewe. Mpaka juma linakwisha hakukuwa na dume wa tandala, kuanzia mtoni hadi nyuma ya kilima, aliyekuwa hajavishwa.

Kiangazi kikaingia. Majani ya mninga yakaanguka. Pembe hazikuanguka.

Mwanzoni watu walisubiri wakicheka. Kasunzu ndiye aliyecheka zaidi, kwa kuwa kila asubuhi alipoamka alikuta uji umeiva, na msasa umekaushwa, na binti yupo. Aliongea naye mambo mengi siku hizo. Alimsimulia mama yake alivyokuwa akicheka mpaka anakaa chini, alivyoogopa vyura, alivyokuwa akimwita yeye Kasunzu "mzee" wakati alikuwa hajaota hata ndevu. Vitu ambavyo miaka yote alikuwa hajavisema vilimtoka kama maji. Zikawa siku nzuri. Kasunzu alizikumbuka baadaye kama siku nzuri kuliko zote, na hilo ndilo lililomuuma.

Kwa maana nyumba nyingine nazo zilikuwa na wachumba wanaosubiri. Chakula cha harusi kiliharibika, pombe ikachacha ikawa siki. Shangazi yake Luhende alivuka mto akaja kuuliza kwa adabu. Akarudi kwao. Akavuka tena, na safari hii hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alisema mtama ukishapurwa wote, kama kidani hakipo, mahari irudi na kijana wao atafutiwe nyumba yenye pembe. Milembe alikuwa anasikia. Alikwenda akakaa kwenye jiwe la kusugulia, akashika jani, na jani halikusema shaa. Alikuwa amelishika tu.

Jioni ya siku hiyo, walipokuwa wanakula, Milembe aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Baba, mama alipotoka kwao, babu alilia?"

"Babu yako?" Kasunzu akajaribu kucheka. "Babu yako alifurahi mpaka jino likamtoka. Sisi tuliokuwepo tulilitafuta kwenye nyasi."

"Kwa hiyo alimwacha aende."

Kasunzu alilitazama tonge lake. Alimkumbuka mkwewe vizuri sana. Mzee yule alikuwa amekaa mgongo ukiwa umeelekea mlango, ameshika kisu cha kuchongea kisichochonga kitu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Lakini kidani kilikuwa kimeshawekwa shingoni mwa Nyanzobe. Kilikuwa kimeshawekwa.

"Alimwacha," alisema.

Asubuhi alitia chumvi kiganjani akaenda nyuma ya zizi. Mwenye Kilima alikuja, lakini hakuwa tena yule wa maringo. Alitembea ameinamisha shingo kama aliyebeba mzigo wa mtu mwingine. Kasunzu akaanza kuufungua waya kutoka kwenye ncha. Kila alipotoa mzunguko mmoja aliona kwamba chini ya waya pembe haikuwa imenyooka. Ilikuwa imekua ikibanwa, ikatafuta pa kupita, ikaufuata waya ulivyokwenda, ikajisokota kama mti uliokua umezongwa na mmea unaotambaa. Akamaliza kuufungua. Pembe zikabaki pale pale. Akazigusa, akazitikisa, mwishowe akaishika moja kwa mikono miwili akaivuta. Dume alitoa sauti ambayo Ikombwe haikuwa imeisikia kabla, na penye shina la pembe pakachuruzika damu. Mfupa wa kichwa ulikuwa umepanda ndani ya pembe kuishikilia, kama mkono unavyoingia kwenye mkoba.

Wakati huo mnyama akiwa na la kusema alilisema. Mwenye Kilima alirudi nyuma hatua chache, akamtazama.

"Kasunzu, kila mwaka niliacha, na hukuwahi kuniomba. Mwaka huu umenifunga ili nishike. Nimeshika. Sasa sijui tena kuacha."

Akageuka akapanda kilima, na chumvi ikabaki kiganjani mwa Kasunzu. Hakurudi. Kijiji kizima kilikimbia kuwafungua madume wao, na kila penye waya walikuta pembe iliyojisokota isiyotoka. Za dume wa Mbeleje zilijisokota vibaya zaidi, moja ikatazama huku, nyingine kule. Tandala waliofunguliwa waliondoka bila kugeuka nyuma. Usemi wao waliondoka nao.

Watu walikusanyika uani kwa Kasunzu. Wengine walikuwa na hasira, kwa sababu waliobeba waya wakiwa wanacheka ndio wanaokasirika zaidi. Shangazi yake Luhende alikuwepo, naye Luhende pembeni yake, anatazama chini. Wazee walimtaka Kasunzu aseme ufundi ule aliutoa wapi. Kasunzu alifungua mdomo. Wote wakangoja. Mdomo ule ambao haukuwahi kukosa neno ulifunguka ukajifunga tena.

Ndipo Mbeleje akasimama. Mtani ana ruhusa ya kusema yale ambayo ndugu hawezi.

"Sisi wengine tuliwafunga tandala kwa sababu ya ujinga, tulitaka kung'aa kama wewe. Hilo tunalijua, tutalibeba. Lakini wewe, mtani wangu, ulimfunga wako kwa sababu gani?"

Alilisema taratibu, bila dhihaka, na hicho ndicho kilichowashtua watu. Macho ya watu yalihama yenyewe, yakaenda mlangoni, alikokuwa amesimama Milembe na jani la msasa mkononi.

Kasunzu akainuka, akapita kati ya watu, akaingia ndani. Walisikia kigoda kikisogezwa. Alipotoka alikuwa ameshika kile kitu cheusi cha kwenye nguzo, na wengi hawakukitambua mpaka alipokaa kwenye kiti chake cha kazi akaanza kukikwangua masizi kwa kisu. Weusi uliondoka, ikatokea rangi ya asali. Ikatokea michoro ya mkono wa mzee aliyelia akiwa amegeuza mgongo. Vikongwe wawili waliomjua Nyanzobe wakajifunika nyuso kwa nguo zao.

Milembe akaja akakaa mahali pake, bila kuambiwa. Akasugua. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kiingie, jani likasema shaa.

Lakini kidani kilikuwa kimekauka juu ya moto miaka yote hiyo. Milembe alipokipaka samli na kukizungusha kiganjani kilitoa mlio mdogo, na ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu mpaka chini. Kasunzu aliutazama ule ufa. Kisha akanyoosha mkono, akaokota mavumbini waya aliouvua kwa Mwenye Kilima, ambao bado ulikuwa umejikunja kwa umbo la pembe. Akakata kipande, akakipitisha kwenye makaa, akaanza kukizungusha. Hakubana. Aliulaza waya juu ya pembe kama mtu anavyomlaza mtoto bila kutaka kumwamsha, kuzunguka ufa, kupanda, kushuka, mpaka zile pande mbili zikakaa pamoja. Mwisho wa waya ulipofika, mkono wake ulianza kuukunja kuuingiza ndani, kama kila fundi anavyoficha mwisho wa kazi yake. Ukasimama. Akauacha wazi.

Shangazi yake Luhende, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa desturi, alisema alichopaswa kusema. Kidani ni kizuri, lakini sheria inataka pembe ya mwaka huu. Ile ilianguka kabla bibi harusi hajazaliwa.

"Shangazi," Kasunzu akamwambia, "pembe ni ya zamani. Lakini imeanguka leo."

Mama yule alimtazama yeye, akaitazama nguzo ndani ya nyumba, iliyokuwa na alama nyeupe mahali kidani kiliponing'inia. Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakitandika chini, Milembe apige magoti.

Kasunzu alimvisha binti yake. Mbeleje alimwuliza kwa sauti, ili watu wacheke, kama juu ya kidani hiki pia nzi watavunjika miguu. Watu walingoja majigambo. Kasunzu alisema tu, "Ni cha mama yake." Kisha akakaa, na hakuugeuzia mlango mgongo. Alimtazama Milembe akivuka ua, akipita nyuma ya zizi, akiteremka kuelekea mtoni na watu wa Luhende, mpaka shaba iliyomulika shingoni mwake ikawa ndogo kama kimulimuli. Alilia mbele ya watu wote.

Na tangu siku hiyo pembe za tandala zimejisokota, na haziachi kichwa mpaka mwenyewe afe, na ukiitoa unaikuta tupu ndani, pale mfupa uliposhikilia. Tangu siku hiyo tandala hatembei tena mchana penye watu, na masikio yake yamekuwa makubwa, anasikiliza kama kuna mtu anakuja na waya. Kwa kuwa pembe haziokotwi, kidani cha mama hakirudi tena porini, kinakwenda kwa binti. Siku ya harusi baba hukaa uani, akaufungua waya wa kidani wote, akaulaza upya kwa mkono wake, na mwisho wake hauingizi ndani. Anauacha wazi. Mabibi harusi wa siku hizi wanalalamika kwamba unanasa kwenye khanga na kukwaruza kifua. Wakwaruzwe. Anayeukunja mwisho huo, bibi zetu wanasema, binti yake hurudi nyumbani kabla ya mwaka, naye hajui kwa nini.

Masika yakiisha, ukipita karibu na vichaka vya kilima kile ukasikia kitu kinagonga shina la mti taratibu, upande huu, kisha ule, usikimbie wala usirushe jiwe. Ni dume wa tandala. Bado anajaribu. Weka chumvi kidogo juu ya jiwe, uende zako.